Sahani Mbili za Siku ya Majivu

Waliokuwa ndani ya kapela asubuhi ile ni hawa. Nawataja kwa ukoo tu. Majina yao yote ninayo kichwani, na ya mama zao pia, lakini wengine wangali hai, na wengine watoto wao wanajua kusoma.

Alikuwako katekista, ambaye ni shemeki yangu, mume wa mudogo wangu aliyekufa kwa uzazi. Alikuwako mwalimu wa shule ya msingi, mutoto wa kaka yangu wa pili. Alikuwako yule wa Salamabila, mutoto wa kaka yangu wa tatu; huyo nitamwita hivyohivyo, maana alikaa miaka mingi kule kwenye machimbo ya dhahabu akinunua na kuuza, na mwezi ule alikuwa amerudi nyumbani na pikipiki mpya na koti la kitambaa kizito. Alikuwako mzee wa ukoo, mutoto wa baba yangu mukubwa, ninayemwita kaka. Yeye hakubatizwa hata siku moja, lakini penye watu wengi hakosi. Alikuwako mama mmoja muuza mandazi, mutu wa mbali, wa upande wa Uvira, aliyemfuata mume machimboni, mume akapotea, naye akaishia kwetu. Na mimi, shangazi ya wale wanaume wawili, mutoto wa kike mukubwa wa nyumba yetu. Wengine walikuwa watu wa kijiji tu, wakulima wa mpunga kama sisi, waliojaza mabenchi mpaka mlangoni.

Kijiji chetu kiko njia ya kutoka Kasongo kwenda Lusangi, na sultani wake alikuwa kaka yangu wa kwanza. Alikufa wakati wa kuvuna, hakuacha mutoto wa kiume. Kwetu mutu hawi sultani kwa kuandikwa. Serikali huandika, ni kweli, na karatasi yake ina muhuri, lakini kwanza mutoto wa kike mukubwa wa nyumba lazima ampake mpemba kwenye paji la uso mbele ya watu wote. Mpemba ni udongo mweupe. Tunauchimba kiangazi kwenye ukingo wa kijito chetu, maji yakishapungua, tunauweka mabonge mabonge ndani ya chungu. Siku ikikaribia, unasagwa. Kaka yangu alipakwa na shangazi yetu, dada ya baba, na mimi ndiye niliyeshika sahani. Kwa hiyo alipokufa nilijua kazi imenifikia mimi.

Ila zamani shangazi hakuchagua. Wazee walichagua, shangazi akapaka tu. Safari hii wazee walikaa, wakala mbuzi, wakakaa tena. Nusu ya midomo ilisema mwalimu, nusu ilisema yule wa Salamabila. Mwishoni kaka yangu, mzee wa ukoo, alikuja nyumbani kwangu akaketi juu ya kinu kilicholala, akasema:

"Dada, tumechoka. Yule utakayempaka, ndiye."

"Na yule nitakayemwacha?"

"Huyo utajua weye."

Akaondoka. Mnaelewa alichoniachia? Wale wawili niliwaogesha wote wakiwa wachanga, kwenye karai moja. Nikimpaka mmoja, mwingine nimempoteza. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu siku zile zote, na ndilo lililobaki mpaka sasa.

Kila mmoja alikuja kwa saa yake. Mwalimu alikuja baada ya shule, chaki ingali vidoleni, akakaa kwa adabu.

"Shangazi, mimi siombi kitu," akasema. "Lakini fikiri kidogo. Ule ndugu yangu anasali wapi? Juzi alikuwa anafunga na Waislamu. Jana, kule Salamabila, mchungaji wa kanisa la maombi alimmwagia mafuta kichwani. Leo iko kwetu, benchi ya mbele."

"Alifunga kwa sababu bibi aliyemuoa ni Mwislamu," nikamwambia. "Bibi akifunga, chakula atapika nani?"

Alicheka. Mwalimu akicheka anafanana na kaka yangu wa pili kabisa, mpaka unataka kulia.

Yule wa Salamabila alikuja na pikipiki, akaizima mbali kidogo ili moshi usiingie jikoni. Hilo nalo ni adabu, siwezi kumnyima.

"Shangazi, mafuta nilishapata," akasema. "Mtumishi wa Mungu alinipaka mbele ya wachimbaji wote, akasema kiti kinanigojea nyumbani. Imebaki udongo yako tu."

"Mungu wa Salamabila anajua mambo ya kijiji chetu?"

"Iko mmoja tu, shangazi. Si ndivyo mulinifundisha?"

Tena alikuwa ameleta bati za kapela. Paa letu la majani lilikuwa limeoza, tulikuwa tunasali huku tunahama hama kukwepa matone. Kabla ya bati, shemeki yangu alikuwa akihubiri Jumapili kwa Jumapili kwamba mamlaka inatoka kwa Mungu, na Mungu anapenda mutu mnyenyekevu, mwenye elimu, aliyekaa na watu wake. Kila mtu alijua anamsema nani. Baada ya bati kufika, zikiwa bado zimelala chini ya mwembe wa masista wa zamani, mahubiri yakawa kwamba mamlaka inatoka kwa Mungu, na Mungu anaweza kumwita mutu kutoka mbali, hata machimboni.

Sisi na shemeki tunataniana, ni desturi, yeye ananiita bibi yangu kana kwamba ni mke wake. Nikamuuliza baada ya sala:

"Shemeki, ni Mungu aliyebadili nia, ao ni bati?"

"Bibi yangu," akasema, "siku tone la mvua litakuanguka kichwani katikati ya Baba Yetu, ndipo utaijua nia ya Mungu."

Mimi moyoni nilishachagua. Nilimchagua mwalimu. Sikumwambia mtu yeyote, hata katika sala sikulitamka, niliogopa likitoka mdomoni litasikika upande wa pili.

Sasa nifike kwenye zile sahani.

Kazi nyingine niliyo nayo ni kutunza kapela. Nafua vitambaa vya altare, nafagia, na kila mwaka nachoma yale makuti ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, yanakuwa majivu ya kufungulia Kwaresima. Padri wetu ana vijiji vingi. Mwaka ule alipita Jumapili, akabariki majivu mapema, akaacha neno kwamba katekista atayagawa Jumatano. Kwa sababu kapela ilivuja, niliyabeba nyumbani. Niliyaweka ndani ya sahani ya enameli yenye mstari wa buluu. Na mutu wa teritwari, ofisi ya serikali kule Kasongo, alikuwa ametuma habari kwamba atakuja Alhamisi, siku inayofuata, kuandika jina la sultani. Kwa hiyo Jumanne nilitoa mpemba, bonge la mwisho lililobaki chunguni, nikalisaga juu ya jiwe, nikalichekecha kwa kitambaa, nikaliweka ndani ya sahani nyingine ya enameli yenye mstari wa buluu. Sahani zilikuwa mbili, ndugu, masista walinipa siku ya arusi yangu. Kila moja nikaifunika kitambaa cheupe. Majivu juu ya rafu, mpemba chini ya kitanda. Nakumbuka nilisema kwa sauti, majivu juu, mpemba chini, kama vile tulivyokariri masomo.

Asubuhi mvua ikanyesha, na nyumba yangu nayo haikuwa na bati. Tone lilianza kuanguka kwenye rafu. Nikahamisha. Nilihamisha moja ao zote mbili? Hapo ndipo akili yangu inaingia ukungu. Najiona ninashika sahani, naona mkono wangu, naona kitambaa. Kilicho chini ya kitambaa sikioni.

Nikaenda kapelani na sahani kichwani na jani la mgomba juu yake. Ndani kulikuwa giza kwa ajili ya wingu. Nikaiweka mezani mbele ya shemeki, nikarudi upande wa wanawake. Shemeki macho yake yameingia weupe, anasoma Injili kwa kuikumbuka zaidi kuliko kuiona. Alifunua kitambaa, akaita watu.

Wa kwanza kwenda mbele alikuwa mama wa mandazi, maana alikuwa na haraka. Nilikuwa nimemuuliza mlangoni:

"Leo siku ya kufunga, mandazi atakula nani?"

"Waislamu na Waprotestanti, mama," akasema. "Hao leo hawana neno na mandazi."

Akapakwa. Shemeki akasema kwa sauti yake ya pua, kumbuka, ewe mwanadamu, u mavumbi. Baada yake wanaume wawili watatu, kisha yule wa Salamabila na koti lake, kisha wamama, kisha mwalimu, ambaye hapendi kutangulia. Kwetu waliopakwa hubaki wamepiga magoti mbele, migongo kwa watu, mpaka mstari ujae. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Niliyafumbua niliposikia watu wanakohoa ovyo, kile kikohozi cha mutu anayezuia kicheko.

Mama wa mandazi alikuwa amegeuka kurudi mlangoni. Kwenye paji lake la uso kulikuwa na mpemba, mweupe kama jino. Na wale wengine wote, mmoja baada ya mwingine, waligeuka, weupe, weupe, weupe.

Kaka yangu mzee wa ukoo alikuwa amesimama nyuma. Akapiga fimbo chini.

"Mumefanya nini?" akasema. "Mumetawaza kijiji kizima!"

Hapo watu wakashindwa. Wakacheka ndani ya nyumba ya Mungu, siku ya toba. Mmoja akamwinamia mama wa mandazi: "Weye ndiye wa kwanza. Tunakusalimia, sultani mama!"

"Miye?" akasema, anajifuta kwa kitenge. "Miye nashindwa hata kulinda karai yangu isiingiliwe na mbuzi zenu. Mutafute mwingine."

Shemeki hakuelewa kitu. Aliendelea kupaka na kusema mavumbi, mavumbi, mpaka nikaenda kumshika mkono. Lakini kabla sijamfikia, nilimwona yule wa Salamabila. Aligusa paji lake la uso, akaangalia vidole. Hakucheka. Akatoka nje polepole, kisha tukasikia pikipiki inawaka, na honi, honi kijiji chote, na sauti yake: "Nimepakwa! Nimepakwa!" Vijana wa upande wake wakaruka mabenchi wakamfuata.

Mwalimu alikuwa bado amepiga magoti. Alitoa leso mfukoni, akajifuta, akaikunja ile leso mara nne, akairudisha mfukoni. Sikujua anawaza nini. Mpaka leo sijui.

Mchana mvua ilipoacha walikuja uani kwangu, wote wanne: kaka yangu, shemeki, na wale watoto wangu wawili. Yule wa Salamabila alikuwa bado na mpemba usoni, hakuugusa.

"Mimi naona maneno imekwisha," akasema. "Nilipakwa mbele ya watu. Udongo ni ya shangazi, sahani ni ya shangazi, tena ni ndani ya nyumba ya Mungu. Kuna sultani gani alipata hivyo?"

"Mkono haukuwa wa shangazi," kaka yangu akasema.

"Mkono ulikuwa wangu," shemeki akasema, "na mimi sikupaka sultani. Mimi nilipaka wakosefu."

"Basi mimi ni mkosefu aliyepakwa udongo wa sultani. Munasemaje?"

Mwalimu akasema taratibu: "Hata mimi nilipakwa. Na mama wa mandazi. Na wewe ulikuwa wa nne, ndugu yangu. Kama ni kuhesabu, tutamtafutia yule mama kiti."

Wakacheka hata wao wawili, na kwa dakika moja niliona watoto wa kwenye karai. Kisha kicheko kikaisha.

Kaka yangu akanigeukia. "Dada, kesho mutu wa teritwari iko hapa. Paka tena, wewe mwenyewe, kwa mkono wako, tumalize."

"Nipake na nini?"

Nikawaonyesha sahani. Shemeki alikuwa amepaka kwa moyo, kidole kizima, na kilichobaki hata ukucha hakijazi. Mwingine ulikuwa umemwagika juu ya kitambaa cha altare na kulowa. Chungu kilikuwa kitupu. Kijito kilikuwa kimejaa, ukingo wa mpemba uko chini ya maji ya kahawia mpaka kiangazi. Na mpemba wa kununua sokoni Kasongo haufai, ni wa kupaka nyumba.

Ndipo mutu mmoja akasema, "Majivu yapo." Yaani ile sahani nyingine, iliyokuwa nyumbani kwangu, imejaa, haijaguswa.

Ni nani aliyesema? Kwa miaka miwili nilisadiki ni kaka yangu. Sasa usiku na mchana nasikia sauti yenyewe, na inafanana na yangu.

Shemeki alikuna kichwa. "Padri aliyabariki kwa ajili ya toba," akasema. "Hakusema toba ya nani." Wakaondoka.

Alhamisi mutu wa teritwari akafika kutoka Kasongo kwa pikipiki ya kukodi, matope mpaka magotini. Mutu mpole, alikuwa na mafua. Tukamtolea meza mbele ya nyumba ya marehemu kaka yangu, akatandika karatasi juu yake na jiwe juu ya karatasi kwa ajili ya upepo. Akasema anahitaji jina moja, na anahitaji kuvuka mto kabla mvua haijarudi. Kijiji chote kilikuwapo. Hata imamu wa upande wa pili alikuja na watu wake, kwa sababu sultani ni wa wote.

Nikasimama na sahani ya majivu. Nilikuwa nimevaa kitambaa cha kichwa alichokivaa shangazi yangu siku ile ya kumpaka marehemu kaka. Mkono wangu ulijua unakokwenda. Mwalimu ni wa nyumba ya baba yangu, na kwetu mutoto wa kaka namwita baba, kwa sababu amechukua nafasi ya baba yangu. Nikasema mbele ya watu wote:

"Baba, njoo."

Mwalimu akasimama. Akaja mpaka mbele yangu, karibu, akaangalia ndani ya sahani.

"Shangazi," akasema, sauti ya chini, "haya ni majivu ya kanisa."

"Ndiyo, baba. Inama."

"Yamebarikiwa ili watu watubu. Siwezi kuinamia kiti cha serikali na majivu ya Mungu. Tungoje kiangazi. Tukichimba mpemba, nitainama."

"Kiangazi?" mutu wa teritwari akasema kutoka mezani, akapenga kamasi. "Mwalimu, mimi ninarudi leo."

"Inama tu!" watu wakapiga kelele. "Mwalimu, inama, ni udongo ule ule!"

Alitikisa kichwa. Kaka yangu akamtukana kidogo, matusi ya mzee, ya kumwita ndama asiyejua ziwa la mama yake. Mwalimu hakutikisika. Niliona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Nikamnong'oneza tena: "Baba, inama, nakuomba." Nikamwomba mutoto wangu mbele ya watu.

"Siwezi, shangazi. Unisamehe."

Akarudi nyuma hatua moja.

Na hapo, sijui vizuri mambo yalivyofuatana. Yule wa Salamabila alikuwa kulia kwangu. Alikuwa bado na mpemba wa jana, umepasuka pasuka kama tope lililokauka. Nakumbuka nilimgeukia. Nakumbuka pia kwamba nilipogeuka yeye tayari alikuwa chini, magoti yote mawili ndani ya matope, na koti lile. Moja kati ya haya lilitangulia.

"Shangazi," akasema, "mimi ndiye mkosefu kweli. Nipake."

Nilimtazama machoni. Watu wengi wameniuliza niliona nini. Niliona macho ya kaka yangu wa tatu, ambaye alikuwa anajua kulia na kudanganya kwa macho yale yale. Mkono ukaenda. Kidole changu kikaweka majivu juu ya mpemba, vikachanganyika, ikawa rangi ya kijivu isiyo ya kanisa wala ya ukoo. Nikafungua mdomo kusema maneno ya nyumba yetu, yale shangazi yangu aliyosema, "Keti, nasi tuketi." Yaliyotoka ni ya shemeki. Nilimwambia sultani: kumbuka, ewe mwanadamu, u mavumbi na mavumbini utarudi.

Kisha mwanamke mmoja akapiga kigelegele, nafikiri ni mama wa mandazi, ambaye hajui desturi zetu, na wengine wote wakamfuata. Mutu wa teritwari akaandika.

Sasa yeye ndiye sultani wetu. Niseme mazuri yake, maana yapo. Ugomvi wa mashamba ya kijito, uliowashinda baba yake na baba zake wote, yeye aliumaliza kwa siku moja, akapanda miti ya mpaka. Kapela ina bati, na hata msikiti aliusaidia misumari. Lakini Jumapili anakaa kiti chake mbele, pembeni ya altare, na shemeki akimaliza kuhubiri, yeye anasimama kuongeza neno. Hakuna aliyemkataza mara ya kwanza, basi ikawa desturi. Anasema: "Masultani wengine walipakwa udongo. Mimi nilipakwa udongo na majivu, kwa mkono wa kijiji na kwa mkono wa Mungu." Kisha anatangaza salongo, ile kazi ya pamoja, kusafisha barabara Jumatatu, na nani atakosa wakati ameambiwa mbele ya altare? Shemeki anakaa chini, mikono juu ya magoti. Nilimuuliza, akasema, "Bibi yangu, sisi wawili ndio tuliompaka, tutaanzia wapi kumkataza?"

Na siku ya Majivu ikifika, yule yule sultani anapiga magoti kuliko wote, muda mrefu, bila mkeka, mpaka watu wanamaliza na kwenda mashambani, yeye bado. Hapo hana vijana wake, hana honi. Nafagia kapela kumzunguka. Siku moja nilisimamisha ufagio, nikataka kumuuliza, baba, ulipopiga magoti siku ile ulikuwa unatubu ao ulikuwa unakichukua kiti? Sikuuliza. Naogopa atanijibu yote mawili.

Padri alisikia habari. Akaniambia tu, "Bibi, mwaka ujao majivu uyaweke ndani ya kopo la maziwa." Nimeyaweka ndani ya kopo. Kiangazi kilichofuata nilikwenda na wanawake kuchimba mpemba, mweupe, mzuri. Uko chunguni. Hakuna aliyeuuliza.

Mwalimu alihamia Kasongo, anafundisha huko. Wakipita watu ananitumia sabuni na chumvi. Alikuja wakati wa Noeli iliyopita, akala wali kwangu, wali mpya wenye harufu. Nikasema:

"Kwa nini hukuinama?"

"Shangazi, kwa nini hukungoja?"

Nikamwongezea wali. Akaula wote. Wakati wa kuondoka alinikumbatia, lakini hakuniita shangazi, aliniita bibi, kama anavyoniita kila mutu njiani. Nilibaki mlangoni mpaka baiskeli yake ikapotea nyuma ya mihogo.

Nimesoma kwa masista miaka minne tu, na haya nimeyaandika kwenye kaye ya mjukuu, daftari lake la shule, kwa vipande, siku hii kidogo na siku ile kidogo. Majina nakumbuka yote, na nguo walizovaa, na nani alikaa benchi gani. Mambo matatu ndiyo yananikimbia. Sahani niliyoichukua kwenye rafu, kama niliona weupe pembeni ya kitambaa nikanyamaza. Neno la majivu, lilitoka mdomo gani. Na yule mutoto, kama alipiga magoti kwanza, ao mimi nilimgeukia kwanza. Maana kama alitangulia yeye, kiti alikichukua mwenyewe. Kama niligeuka mimi, basi nilimwacha mwalimu mbele ya macho yake, kwa mgongo wangu huu.

Wewe uliyekuwako, hasa uliyekaa upande wa kulia karibu na meza ya mutu wa teritwari, uliona. Ukiona nimekosea, usiwaambie wengine njiani. Njoo uniambie mimi, nyumba ya pili baada ya kapela, hata kama umekasirika. Nitafuta, niandike ulivyosema.